Suruali za Mvua za Lucyna

Jumatano, tarehe nne Mei mwaka 2022, mchana, ndipo mambo ya Gerard Pazdur yalipoharibika, na yaliharibika akiwa ameshika upawa wa supu ya njegere.

Ilikuwa Siku ya Mtakatifu Florian, sikukuu ya wazimamoto. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, lakini wazimamoto wa kujitolea wa kijiji cha Gawronica hawakuahirisha kitu. Walikwenda misa na sare zao za sherehe, wakaandamana hadi kituoni nyuma ya tarumbeta mbili zisizopatana, wakaingia ukumbini wakijikung'uta maji kama mbwa. Humo walimkuta Daktari Ida Malec, mtafiti kutoka jiji la Krakow, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Gerard alimfahamu. Oktoba iliyopita daktari huyo alifika kuomba makoti makuukuu ya kuzimia moto akayapime. Gerard, ambaye ndiye mtunza stoo wa kituo, alimkatia vipande kwa mkasi wake mwenyewe na kumfungia vizuri kama nyama ya buchani. Siku zile mkewe Lucyna alikuwa bado hai, amelala nyumbani na figo lililooza kwa saratani. Januari walimzika.

Leo daktari alikuja na majibu. Leszek Wrona, kamanda wa kituo, alimpa nafasi kabla ya soseji.

"Semeni naye vizuri," Leszek aliwaambia watu. "Ametoka mbali, na hajala."

Daktari Ida aliinua kipande cha kitambaa cheupe, laini, chembamba kama ngozi ya ndani ya yai.

"Koti lenu lina matabaka matatu," alisema. "La nje linapigana na moto. La ndani linagusa mwili. Hili la katikati linazuia maji. Limetiwa kemikali zinazofanya maji yateleze. Shida ni kwamba kemikali hizo haziozi. Zikiingia ardhini zinakaa, zikiingia kwenye damu zinakaa miaka. Na koti likizeeka, kitambaa kinachakaa, zinatoka kama vumbi. Katika makoti tuliyopima, makuukuu yalitoa nyingi kuliko mapya."

"Kwa hiyo, daktari, tukazime moto uchi?" aliuliza Witek, dereva wa gari la maji, kijana asiyeweza kupita mita tatu bila mzaha.

"Wewe ukivua, moto wenyewe utakimbia!" mmoja akadakia, na ukumbi ukacheka hadi vijiko vikalia kwenye mabakuli.

Daktari naye alitabasamu. "Msivae koti pasipo na moto. Msilalie. Msipeleke nyumbani. Msiwape watoto wapigie picha."

Gerard hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma ya sufuria karibu na dirisha, upawa mkononi, na macho yake yalikuwa nje. Uani watoto wa kijiji walikuwa wakiruka kwenye madimbwi. Wanane au tisa hivi, wanapiga kelele, maji yanaruka hadi usoni. Na chini ya makoti yao ya rangi rangi, wote walivaa suruali za aina moja: nyeupe zilizofifia, pana, zenye mkanda wa fedha unaong'aa pindoni.

Suruali za Lucyna. Gawronica nzima ilizijua kwa jina hilo, bila kuuliza kitambaa kilitoka wapi.

Supu ilimwagika kwenye kiatu chake, wala hakusikia moto wake.

Wazimamoto wa kijijini hawanunuliwi nguo mpya. Makoti huvaliwa kwanza na wenzao wa mjini, wanaolipwa mshahara. Yakichoka huko, yanapakiwa kwenye gari na kuletwa vijijini kwa hotuba, picha na kushikana mikono. Wanakijiji nao wanayavaa mpaka yanakata roho. Kisha inakuja amri kutoka juu: yateketezwe. Kwa moto gani, kwenye tanuri lipi, hilo amri haisemi. Wakubwa ni mafundi wa kusema tupa. Mahali pa kutupia utajijua mwenyewe.

Mara ya kwanza rundo lile lilipojaa stoo, Gerard alimuuliza kamanda.

"Leszek, haya nayapeleka wapi?"

"Yapotee," Leszek alisema, bila kuinua macho kwenye simu yake. "Mimi nimeshatia sahihi kwamba yameteketezwa. Sitaki kujua mengine."

Gerard alilelewa na mama aliyefua hata mifuko ya plastiki akaianika kwenye kamba. Kutupa kitambaa kizima kulimuuma kama kutupa mkate. Akayapakia kwenye toroli, akampelekea mkewe.

Lucyna alikuwa mshonaji. Alikaa na makoti yale jikoni, akayafumua mshono kwa mshono, tabaka la nje akatengenezea mifuko ya viazi, na lile jeupe la katikati akalishika juu ya sinki, akafungulia bomba. Maji yaliteleza yote. Tone halikupita.

"Gerard," aliita, "njoo uone uchawi."

Kisha akakinusa kile kitambaa. "Lakini ni salama hiki? Kwa mtoto?"

Gerard alikuwa akivua buti mlangoni. Alikumbuka hata buti lilikuwa la mguu gani.

"We mwanamke," alimwambia, "kitu kinachomkinga mtu na moto kitamdhuru vipi mtoto na mvua?"

Neno hilo ndilo lililomaliza shauri. Lilikuwa na akili kabisa. Mzimamoto yeyote angesema hivyo hivyo, kwa sababu mzimamoto asipoliamini koti lake hawezi kuingia ndani ya nyumba inayowaka. Lucyna aliweka uzi kwenye cherehani, na kwa miaka sita hakuutoa. Alishona suruali za mvua, kila mtoto na kipimo chake. Alishona shuka za kukinga magodoro, za vitanda vya watoto wachanga na za wazee wasiojimudu. Hakumtoza mtu. Watu walimletea mayai na asali ya mzinga. Padri alimtaja kanisani. Jioni Gerard alimkuta na vumbi jeupe kwenye nywele, mabegani, kwenye nyusi, akawa anamtania: "Nimeoa mshonaji, narudi nyumbani namkuta msaga unga."

Lucyna alikuwa akicheka na kujipangusa kwa mkono, na mkono uleule ukichukua mkate.

Ukumbini, watu walipoanza kula, Gerard alimsogelea Daktari Ida na bakuli la supu.

"Daktari, kula, ipoe bure ya nini. Nina swali dogo. La kijinga."

"Uliza, mzee."

"Mtu akikishona hicho kitambaa. Yaani akikikata, kila siku, ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa kwa baridi. Inakuwaje?"

Daktari aliweka kijiko chini. "Nani anakishona?"

"Hakuna. Nauliza tu."

"Sijui, mzee wangu. Hakuna aliyewahi kumpima mtu wa namna hiyo. Sisi tumewapima wazimamoto. Ziko tafiti zinazohusisha kemikali hizi na saratani za aina fulani. Ya figo ni mojawapo. Lakini ukiniletea mtu mmoja ukaniuliza, huyu amekufa kwa hili? Siwezi kusema ndiyo. Siwezi kusema hapana."

Gerard alikuwa amejikaza kupokea ndiyo. Hata hapana angeipokea, angekwenda nayo kaburini kwa Lucyna akawasha mshumaa, akalia, akarudi kulala. Kuning'inizwa katikati hakukutegemea.

"Yupo mtu?" daktari aliuliza tena, taratibu.

"Hayupo," Gerard alisema.

Miaka thelathini na nane ya ndoa, na amemkana mbele ya sufuria la supu, kwa mgeni, kwa neno moja.

Alimkuta Leszek nyuma ya gari la maji, anavuta sigara palipoandikwa usivute.

"Umesikia aliyosema?"

"Nimesikia. Wasomi hao, mwaka huu chumvi mbaya, mwaka ujao mayai."

"Leszek, watoto wako nje wamezivaa."

Leszek alivuta moshi, akautoa kwa pua. "Gerard, ndugu yangu. Waangalie wale. Wanaruka kama ndama. Unaona mgonjwa hapo? Na Lucyna kijiji hiki kinamheshimu kama mtakatifu. Unataka umfukue kaburini umtukane?"

"Nataka wavuliwe."

"Basi wavue. Ila jina langu usiliingize. Na ukienda wilayani, ujue kwamba wilayani hivyo vitu havipo. Viliteketezwa."

"Si wewe uliyesema yapotee?"

"Nilisema yapotee," Leszek alisema, akikanyaga kichungi cha sigara. "Sikusema yavaliwe."

Kamanda alirudi ukumbini kukata keki. Gerard alibaki ameegemea gurudumu. Alitamani sana kumchukia Leszek moja kwa moja, na alimchukia kweli, lakini chuki haikufika mbali. Kila ilipoondoka ilirudi na lile buti, na mlango ule, na jibu lake mwenyewe.

Kesho yake alichukua magunia ya viazi akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Njia nzima alikuwa amepanga maneno: daktari amesema hivi, kemikali ni hivi. Lakini mlango wa kwanza ulipofunguliwa, akamwona mama wa nyumba amefurahi kumwona, na suruali ndogo imeanikwa juu ya jiko, maneno yote yakamwishia kinywani.

"Nimekuja," alisema, "kuomba ile suruali. Nazikusanya. Ni kumbukumbu ya Lucyna."

Mama yule alitoa machozi palepale. Akaikunja suruali, akaibusu, akamkabidhi. "Chukua, Bwana Gerard. Wewe ndiye mwenye haki nayo."

Hivyo ndivyo alivyozipata, moja baada ya nyingine, kwa uongo. Watu walimpa na keki, wakampa na mayai, wakamshika bega. Kila gunia lilivyojaa yeye alizidi kuwa mdogo. Kwa Bi Felicja, bibi mzee anayelala juu ya shuka la Lucyna kwa sababu ya kibofu chake, mambo yalikwama.

"Shuka sikupi," Bi Felicja alisema. "Wewe una usingizi mbaya, nakuona. Mwanamume aliyefiwa akianza kukusanya matambara, kinachofuata ni kuongea na jiko. Kaa, kula."

"Bi Felicja, nakuomba."

"Nikikupa shuka, nitalala wapi, kwenye maji? Lucyna mwenyewe angekuchapa. Kula, nimesema."

Akala, akaondoka bila shuka. Barabarani ikamjia kwamba bibi yule atalala juu ya kile kitu usiku huu, na kesho, kwa sababu yeye Gerard ameona haya. Alisimama. Nyumba iliyobaki ilikuwa ya Bogna, na hiyo ndiyo aliyoiweka mwisho makusudi.

Bogna alikuwa binti wa mdogo wake Lucyna, mke wa Witek yule wa mizaha. Binti yao Kalina alikuwa na miaka mitatu. Lucyna alimshonea shuka la kitanda kabla hajazaliwa, akalitarizi pembeni bata wadogo wa njano.

"Bamkubwa!" Bogna alimfungulia mlango na unga mikononi. "Nimesikia unapita kukusanya. Kwangu usijaribu."

"Bogna, mwanangu..."

"Suruali nitakupa, imeshambana. Shuka hapana. Kalina hatamkumbuka mamkubwa hata sura. Hicho ndicho kitu pekee atakachobaki nacho kutoka kwake. Kachukue vya wengine."

"Nitakununulia jingine."

"Sitaki jingine! Kwani una nini, bamkubwa? Unaondoa vitu vya mtoto kitandani, kwa kumbukumbu gani hiyo?"

Gerard aliweka gunia chini. Akavua kofia, na alipoivua hakujua aiweke wapi, akaishika kifuani kama yuko mazishini.

"Si kumbukumbu," alisema. "Nimewadanganya. Ni sumu. Au pengine ni sumu. Yule daktari jana, kile kitambaa alichoshika, ndicho hicho. Ni mimi niliyemletea mamkubwa wako. Aliniuliza kama ni salama, nikamwambia ni salama."

Unga ulimdondoka Bogna vidoleni. Kisha akageuka, akaingia chumbani, Gerard akamfuata hadi mlangoni. Mtoto hakuwamo, alikuwa sebuleni akijenga mnara na makopo. Bogna alilishika shuka kwa pembe moja, akalivuta lote kwa nguvu, godoro likahama. Halafu akasimama amelishika, akiangalia ile pembe.

Pale penye bata, kitambaa kilikuwa kimechakaa. Hakikuchanika. Kilikuwa kimelainika, kimetafunwa hadi uzi wa njano umebaki mmoja mmoja.

"Hulinyonya," Bogna alisema kwa sauti ndogo sana. "Akitaka kulala. Hulivuta hivi, analinyonya. Tulikuwa tunacheka, tunasema anawala bata wa mamkubwa."

Witek alikuwa ameingia bila wao kusikia, amesimama nyuma ya Gerard na funguo za gari mkononi. Aliziweka chini, akaenda sebuleni kumbeba mtoto.

Jumapili baada ya misa watu walijaa kituoni. Habari ilikuwa imeshatembea yenyewe, na ilikuwa na hasira. Wengine walileta suruali zilizobaki wakazitupa juu ya magunia ya Gerard katikati ya sakafu. Bi Felicja alileta shuka lake, ameliviringisha kwa magazeti, na hakumwangalia mtu. Mkuu wa kata alikuja pia, na tai yake. Leszek aliketi kando yake. Daktari Ida alikuwa kwenye simu, imewekwa sauti kubwa juu ya meza.

Gerard alisimama bila kuitwa.

"Niliyeyapeleka nyumbani ni mimi," alisema. "Lucyna aliniuliza, na mimi ndiye niliyemjibu. Yeye hakujua. Nyumba kwa nyumba nimewadanganya, mkanipa na keki. Daktari, siku ile uliniuliza kama yupo mtu. Yupo. Alikuwa mke wangu."

"Pole, Bwana Gerard," daktari alisema. "Nilidhani hivyo."

Kisha Gerard akamtazama Leszek. Hakumtaja. Alimpa nafasi tu, nafasi ndefu, kila mtu ukumbini akiiona, aseme neno lake moja. Leszek alikuwa akichomoa uzi kwenye pindo la mkono wa koti.

"Hili jambo," mkuu wa kata alianza, "tutaliundia kamati."

"Kamati itavaa hizo suruali?" mtu alipiga kelele nyuma.

"Tuheshimiane jamani. Kwa taarifa nilizonazo kutoka wilayani, vifaa hivi viliteketezwa kwa utaratibu."

"Viko hapa miguuni pako, mheshimiwa! Vina mpaka matope!"

Bogna alipita katikati ya watu, amembeba Kalina kiunoni. Mtoto alikuwa amekosa usingizi tangu Alhamisi, kwa kukosa pembe yake, na macho yake yalikuwa mekundu. Bogna aliinamia simu.

"Daktari, mimi ni mama wa mtoto aliyekuwa analinyonya shuka. Mtoto anaweza kupimwa?"

"Anaweza. Nitajaribu kumwingiza katika utafiti, ingawa haukuandaliwa kwa watoto. Sina mtoto hata mmoja wa kumlinganisha naye."

"Na mkiikuta hiyo sumu kwenye damu, mnaitoa vipi?"

"Kwa mtoto mdogo hatuna njia ya kuitoa, mama. Tunaondoa kinachoiingiza, na hilo umeshalifanya. Baada ya hapo inapungua yenyewe, polepole."

"Polepole kiasi gani?"

"Miaka."

Bogna aliinuka. Alimtazama mkuu wa kata, akamtazama Leszek, akamtazama Gerard. Kalina alikuwa ameweka kidole gumba kinywani, anakinyonya.

"Mnajua kushikana mikono mbele ya kamera," Bogna alisema. "Mnajua kufua makoti, mnajua kuosha magari, mnayaosha kila Jumamosi. Huyu hapa. Miaka mitatu amelala juu ya kitu hicho. Niambieni basi, mmoja wenu: huyu nimwoshe na nini?"